Lawama Aliyonibebea

Siku niliyomtengenezea mwalimu mmoja mzee miwani yenye lenzi za mtu mwingine, bosi wangu hakunifokea. Angefoka ningejua la kufanya: ningelia kidogo, ningesingizia kichwa, na mambo yangeisha. Badala yake alifunga mlango wa karakana, akazima mashine ya kusagia lenzi, akanishika viganja vyote viwili na kuvitazama. Vilikuwa vinatetemeka kama vya mtu mwenye homa.

"Saa tatu asubuhi," alisema. "Saa tatu, binti yangu, na unanuka hivi."

"Ni dawa ya mafua."

"Mimi nimezikwa na kufufuliwa na walevi wa ukoo wangu. Usinifundishe harufu ya mafua." Aliniachia mikono. "Sikufukuzi. Lakini humu hushiki lenzi tena mpaka uniletee barua ya watu wanaosaidia wenye tatizo kama lako. Iwe na sahihi. Iseme unahudhuria."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutafuta. Wala usidhani ni kazi rahisi. Pombe iko kila kona, lakini mahali pa kuiachia nilipatafuta kama sindano. Hospitalini karani wa dirishani aliniuliza kwa sauti ya kutangaza, "Ya pombe?" na benchi zima la wagonjwa likageuka. Alinipa kikaratasi chenye namba tatu za simu. Ya kwanza haikuwepo tena. Ya pili alipokea mama mmoja, akacheka bila ubaya: "Mdogo wangu, wewe ni wa kumi mwaka huu. Mimi nauza mapazia." Ya tatu iliita mpaka ikachoka. Nilikikunja kile kikaratasi nikakitupa, na moyoni nikafurahi. Nilikuwa nimejaribu, sivyo?

Dada yangu mkubwa ndiye aliyekiokota. Nilikuwa naishi kwake tangu ndoa yangu ivunjike. Ni mpishi katika shule ya bweni, mwanamke mwenye mikono ya kukoroga masufuria ya watu mia nne, na anapokusudia jambo haliachi mpaka liive. Aliipiga ile namba ya tatu mara tisa, amesimama katikati ya sebule na mtandio begani. Mara ya tisa akapokelewa.

"Ndiyo. Ndiyo, mama. Ni mdogo wangu." Alisikiliza. "Alhamisi, saa kumi na moja. Maktaba, chumba cha watoto, mlango wa nyuma. Na akija amelewa?" Alisikiliza tena, akanitazama. "Wanasema wangependa uje mkavu. Lakini ukishindwa, uje hivyo hivyo."

"Nitakwenda."

"Nitakupeleka mpaka mlangoni. Nikikuacha njiani utapotea makusudi." Alikaa, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Na yule mwoka mikate aliyekutia chupa mdomoni, sijui usingizi anaupata wapi."

Kila dada alipomtaja, mimi nilinyamaza. Miaka mitano nilikuwa nimeifanya kazi hiyo nikawa bingwa.

Yule mwoka mikate alikuwa mume wangu. Nyumbani kwetu alikuwa hatajwi kwa jina, aliitwa "yule". Habari yake waliijua wote, na ilisimuliwa hivi: niliolewa naye nikiona kwa macho yangu mwenyewe, dada akikataa na mama akilia, kwa sababu alikuwa mnywaji anayejulikana mji mzima. Akanifundisha na mimi. Kisha baba yetu, aliyekuwa anapumzika kwetu baada ya operesheni ya macho, akateleza bafuni asubuhi moja, akavunjika nyonga. Mimi nilikuwa chumbani, chakari, sikusikia. Baba alilala kwenye sakafu ya baridi mpaka mchana, mume wangu aliporudi kutoka kwenye tanuri. Chupa tupu iliyokuwa kando ya kitanda changu ilikuwa yake. Baba aliishi miezi minane mingine, yote kitandani. Siku ya mazishi dada alisimama mbele ya watu akamwambia mume wangu, "Umetuulia mzee, na huyu umetuachia gofu." Mume wangu aliinamisha kichwa. Hakujibu neno. Wiki ile ile nilihamia kwa dada.

Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa.

*

Chumba cha watoto kilikuwa na zulia lenye picha za wanyama na viti vidogo vya rangi, hivyo watu wazima saba walikuwa wamekaa magoti yakiwa yamewafika kidevuni. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka. Dada alinisukuma ndani taratibu, kama anavyosukuma sufuria motoni, akazunguka kuningoja kwenye benchi la mbele ya maktaba.

Mama mmoja mwenye mvi, nesi mstaafu, alinipokea. Wenzake walimwita Nesi tu.

"Humu hatutumii majina ya kwenye vitambulisho," aliniambia. "Na yanayosemwa humu hayatoki na viatu vyetu. Huyu ni Bubu." Mwanamume mnene alinipungia mkono. "Tunamwita hivyo kwa sababu hajui kunyamaza."

"Karibu, dada, karibu sana, kaa hapa, hiki kiti kina mguu mbovu, chukua hiki, mimi nilikuja mara ya kwanza nikiwa na kiatu kimoja tu, nitakuhadithia..."

"Bubu."

"Naam, Nesi."

"Na yule anayekata mkate pale mezani tunamwita Mkate."

Aligeuka, kisu mkononi.

Alikuwa amenenepa kidogo. Mashavu yaliyokuwa yameingia ndani yalikuwa yamejaa, na macho, yale macho niliyoyazoea mekundu, yalikuwa meupe pe kama ya mtoto aliyelala vizuri. Tulitazamana. Nakumbuka Bubu alinyamaza, na kwamba kilikuwa kioja, maana Nesi naye alimgeukia kumwangalia yeye badala yetu.

"Mnafahamiana," alisema Nesi. Halikuwa swali.

"Tuliwahi kuishi nyumba moja," alijibu mume wangu.

Sikusema kitu siku ile. Nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nikamwaga nusu yake kwenye picha ya twiga. Kikao kilipokwisha alinifuata mlangoni, lakini alisimama mbali, hatua tatu nzima, kama mtu anayeheshimu moto.

"Miaka minne na miezi saba sijaonja," alisema. "Sikwambii kwa kujisifu. Nakwambia ujue inawezekana. Nikiwepo mimi hutaweza kuja. Mji wa pili kuna kikundi kingine, mwendo wa saa mbili kwa basi. Nitahamia huko."

"Usihame."

"Dada yako akiniona..."

"Dada yuko upande wa mbele. Pita mlango mwingine." Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Baki. Tafadhali."

Alibaki.

*

Sitadanganya kwamba niliiacha pombe siku hiyo. Nesi alinipeleka zahanati nikapewa vidonge vya kutuliza kule kutetemeka, na wiki ya pili nilianguka hata hivyo, nikaja Alhamisi nikinuka, nikakaa kwenye kiti changu nikilia. Hakuna aliyenisuta. Bubu alinisogezea sanduku zima la tishu. Tangu siku ile nikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ya kumi na mbili ilikuwa mbaya kuliko zote. Ya ishirini nilipeleka barua kwa bosi, naye akaisoma mara mbili, akanipa kazi ya kukaza skrubu za fremu. Lenzi bado. Nilishukuru.

Na kila Alhamisi, baada ya kikao, mimi na Mkate tulibaki kuosha vikombe.

Ilianza kama zamu. Jikoni mwa maktaba mlikuwa na sinki moja na nafasi ya watu wawili wembamba. Yeye alisugua, mimi nilisuuza. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua na tanuri; nyingine nilizijua, maana nilizipaka mafuta mwenyewe; nyingine zilikuwa mpya, na hizo mpya nilizionea wivu.

"Mama hajambo?" nilimuuliza Alhamisi ya tatu. Mama mkwe wangu alinipenda. Alikuwa akinisuka nywele akiniimbia.

Alizima bomba. "Mama alifariki. Mwaka wa pili sasa."

"Sikuambiwa."

"Niliwatumia ujumbe. Nilijua dada yako hatakubali mje." Akafungua bomba tena. "Sikulaumu."

Nilitaka kumshika bega. Nilichukua kikombe kingine nikakisuuza, na kilikuwa kimeshasuuzwa.

Moyo wa mtu hauna adabu. Nilianza kuchagua nguo siku za Alhamisi. Nilianza kumsikia akipanda ngazi kabla hajafika. Siku moja kisu kilimteleza kikamkata kidole, nikakifunga kwa kitambaa, na nilipomaliza hakuna aliyeondoa mkono. Tulisimama hivyo, bomba likidondosha maji, mpaka Bubu alipoingia kutafuta kofia yake, akasema, "Samahani, sijaona kitu, mimi hata kuona sioni vizuri, nakuja kwako unipime miwani," akatoka akijigonga mlangoni.

Tulicheka. Tulicheka mpaka machozi. Mara ya mwisho tulicheka hivyo nilikuwa bibi harusi.

Alhamisi ya saba, vikombe vikiwa vimekwisha na hakuna aliyetaka kuondoka, alisema, "Nataka kwenda kwa dada yako."

"Akuchinje?"

"Nikampigie magoti. Nimuombe radhi kwa ajili ya mzee. Halafu..." Alikuwa anakunja kitambaa cha vyombo, mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama bahasha. "Halafu nikuombe wewe. Upya. Kama utanitaka."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo bila kujua kwamba nangoja.

"Lakini kabla ya hapo nitasema kwenye kikao," aliendelea. "Nesi anasema kuna jambo nimelizunguka miaka minne. Siku ile ya mzee. Sijawahi kuisema yote mbele ya watu. Alhamisi ijayo nitaisema, na nataka uwepo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia. Pale pale, sisi wawili, mlango umefungwa. Mdomo ulifunguka.

"Sabuni imebaki?" niliuliza.

"Imebaki kidogo," alijibu, akitabasamu.

Nyumbani nilimwambia dada kwamba Mkate yumo kikundini, na kwamba anataka kuja. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya, ila maganda yakawa mazito.

"Akanyage hapa nimmwagie maji ya moto."

"Dada, ameacha. Miaka minne."

"Baba naye ameacha kupumua miaka minne na zaidi. Hilo ameacha kwa ajili ya nani?" Alikitupa kiazi, akakitazama kikizama kwenye beseni. "Mtu aliyekuzamisha haji kukufundisha kuogelea. Wewe huoni? Au ndiyo umeshaanza tena kumtazama na yale macho yako ya kondoo?"

"Nampenda."

"Ulimpenda na ile mara ya kwanza. Tukazika."

Nilikwenda chumbani. Siku saba nzima nilikula na kulala na ule uongo.

*

Alipoanza kuzungumza aliwatazama wote isipokuwa mimi.

"Nilikuwa na mke," alisema. "Alikuwa fundi, msafi, mtu wa watu. Mimi nilikuwa mlevi. Sikumpiga, sikumtukana, lakini nilikuwa naleta chupa nyumbani, na kidogo kidogo nikaona naye anakunywa. Nikafurahi. Nisikilizeni vizuri: nilifurahi. Nilisema, sasa hatanisema."

Bubu alikuwa ameinama, viwiko magotini.

"Baba mkwe wangu alikuwa kwetu. Siku ile nilitoka alfajiri kwenda kuoka. Chupa yangu niliiacha kabatini, nyuma ya unga, imebaki nusu. Nilirudi mchana. Mzee alikuwa kwenye sakafu ya bafu. Midomo imekauka. Aliniuliza, 'Mwanangu, saa ngapi sasa?' Basi. Hakulalamika. Mke wangu alikuwa kitandani hajitambui, na chupa yangu iko kando yake, tupu. Chupa yangu. Ningeimaliza mwenyewe usiku ule, au ningeivunja, mzee angekuwa hai. Mama yangu aliacha kwenda sokoni kwa aibu. Alinunuliwa vitu na majirani. Siku anakufa alinishika mkono akaniambia, 'Umeharibu mtoto wa watu, mwanangu. Hata kama umeacha, umeshamharibu.' Nimeacha. Lakini kila nikiamka nasikia lile swali. Saa ngapi sasa."

Nesi akasema taratibu, "Asante, Mkate. Kuna mwingine?"

Nilisimama. Hatukuwa na desturi ya kusimama. Watu walizungumza wamekaa.

"Chupa yako sikuinywa," nilisema.

Aliinua uso.

"Nilikuwa nakunywa kabla sijakufahamu. Tangu chuo, tangu najifunza kukata lenzi. Nilikuwa naweka kwenye chupa ya shampuu, kwenye termosi, kwenye buti za mvua. Niliolewa nawe nikiwa hivyo. Nilikuchagua wewe kwa sababu ulikuwa mlevi. Nyumbani mwa mlevi nani atanusa?"

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema Nesi.

"Nikikaa sitasema. Siku ile nilikunywa ya kwangu. Nililala. Niliamka karibu na mchana, nikamsikia baba ananiita. Nilikwenda. Nilimwona." Nilishika mgongo wa kile kiti kidogo. "Sikumwinua. Nilijua watauliza. Nilirudi jikoni, nikachukua chupa yako nyuma ya unga, nikaimwaga kwenye sinki. Nikafungua bomba ili harufu iondoke. Baba alikuwa ananiita wakati bomba linatiririka. Ya kwangu nikaitupa pipa la jirani, kupitia dirishani. Ndipo nikasikia ufunguo wako mlangoni. Nikakimbilia kitandani, nikaiweka yako kando yangu, nikafumba macho."

Nilimgeukia mume wangu.

"Nilikuwa macho," nilimwambia. "Ulipopiga kelele, nilikuwa macho. Ulipombeba, nilikuwa macho."

Aliondoka kwenye kiti, akapita katikati ya mduara, akatoka nje. Hakubamiza mlango. Aliurudisha taratibu mpaka ukafunga.

*

Nilimkuta nyuma ya maktaba, kwenye maegesho ya baiskeli, ameshika usukani wa baiskeli isiyo yake.

"Usinikaribie," alisema.

Nilisimama.

"Uliniona nikilia." Alikuwa anaongea na ile baiskeli. "Miezi minane mzee yuko kitandani, mimi namgeuza, namwosha, namlisha. Nalia jikoni. Wewe ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa naogopa."

"Mimi sikuwa naogopa?" Aligeuka. Sikuwahi kumwona na uso ule, hata siku zake za ulevi. "Dada yako alinitukana mbele ya jeneza. Ulikuwa umesimama hatua moja kutoka kwangu. Ungekohoa tu ningeelewa. Ulikohoa?"

"Hapana."

"Na mama yangu. Unajua mama alikuwa anakuombea? Kila siku. Aliomba Mungu anisamehe kwa nilichokufanyia. Amekufa ananionea haya mimi, mtoto aliyemzaa, na wewe ulikuwa na maneno matatu tu ya kusema. 'Si yeye, mama.' Matatu."

Kila jibu nililolifikiria lilikuwa kisingizio, na visingizio vyangu nilivijua kwa majina.

"Unajua kinachoniua?" alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Niliacha pombe kwa sababu ya chupa ile. Kila nilipoitamani niliiona kando ya kitanda chako, nikaiacha. Uongo wako ndio ulionitoa mtaroni. Sasa sijui nikushukuru au nikulaani. Sijui hata mimi ni nani. Miaka yote hii nimekuwa muuaji, na leo saa kumi na moja na nusu naambiwa siye."

"Bado unanipenda?" Lilinitoka. Nilijichukia kwa kuuliza.

Alinitazama. Ningelipa chochote asinitazame vile.

"Bado," alisema. "Hilo nalo umeniharibia. Nilikuwa nalo tayari, nilikuwa naja kulileta kwa dada yako na nguo safi. Sasa sijui niliweke wapi."

"Nitangoja."

"Usingoje. Kangojee pombe ikutoke." Alishika mfuko wake wa mikate, akauweka begani. "Mwambie dada yako. Leo. Wala si kwa ajili yangu. Mama yangu hana tena masikio ya kusikia, lakini dada yako anayo."

Kati ya maktaba na nyumbani kuna maduka manne yanayouza pombe. Nilijua saa ya kufungua na kufunga ya kila moja. Mbele ya la tatu nilisimama. Muuzaji alinitambua, akainua kidevu kuuliza: ile ile? Nilisimama mpaka akamhudumia mtu mwingine. Kisha nikampigia Bubu simu, akazungumza bila kupumua juu ya mkwewe, mbwa wake, na bei ya sabuni, mpaka nilipofika mlangoni kwa dada. Hakuniuliza hata neno moja. Mungu amtunze yule bwana.

Dada alikuwa anapiga pasi aproni zake za kazi. Nilimwambia yote, nimesimama, kama nilivyoyasema kule. Katikati alichomoa pasi ukutani, lakini hakuiweka chini. Aliendelea kuishika hewani mpaka nilipomaliza.

"Baba alikuita," alisema.

"Ndiyo."

"Ulimsikia."

"Ndiyo, dada."

Aliiweka pasi. Alikaa kwenye kochi kama mtu aliyeshushwa na wengine. "Mama yake alipokufa nilipokea ujumbe. Niliufuta. Nilisema, na amzike peke yake, ajue uchungu." Akajifunika uso kwa aproni iliyokuwa bado ya moto. "Umenifanya mimi mtu wa namna gani?"

Nilipiga hatua kumwendea. Aliinua mkono, bila kuondoa aproni usoni.

"Nenda chumbani. Sikufukuzi. Ila leo sitaki kukuona."

Asubuhi alivaa gauni lake la kutokea, akaenda kwenye duka la mikate. Nilimngoja dirishani. Alirudi saa sita, akavua viatu, akakaa mezani na mikate miwili iliyofungwa kwenye karatasi.

"Alinipa kiti," alisema. "Nilipiga magoti mbele ya wafanyakazi wake, akaninyanyua. Akasema hana kinyongo na mimi. Alilia. Na mimi nililia. Tutakwenda pamoja kaburini kwa mama yake Jumapili."

Nilivuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Na mimi? Alisema nini juu yangu?"

Dada aliukata mkate kwa mkono, akautazama.

"Nilikutaja mara mbili," alisema. "Mara zote mbili aliniuliza kama nimeshakunywa chai."

*

Alhamisi iliyofuata sikutaka kwenda. Dada hakunisindikiza, wala hakuniambia nenda wala kaa. Nilivaa nguo ya kwanza iliyonijia mkononi, nikaenda.

Niliamini amehamia mji wa pili. Nilifungua mlango nikamwona, amekaa upande wa dirisha, mbali na kiti nilichozoea, mikono imekunjwa kifuani. Vikombe vilikuwa tayari vimepangwa na mtu mwingine. Nesi alinionyesha kiti kwa macho.

Zamu yangu ilipofika nilisema nina siku arobaini na tisa. Nilisema nimemwambia dada yangu. Nilisema dada anaongea nami mambo ya chumvi na umeme tu, na kwamba simlaumu. Watu walipiga makofi. Mkate naye alipiga, mara tatu, kwa adabu, kama unavyompigia mtu usiyemjua.

Kisha ikawa zamu yake.

"Leo nina hasira," alisema. "Wiki nzima nimetaka kunywa kuliko mwaka ule wa kwanza. Nilifikiria kutokuja, kwa sababu humu kuna mtu sitaki kumwona. Lakini nikikaa nyumbani nitakunywa. Kwa hiyo nimekuja. Sina zaidi."

"Karibu, Mkate," alisema Nesi.

"Karibu," walisema wengine.

Ilikuwa desturi kila mmoja aitikie. Walinigeukia, wakaningoja, naye akatazama sakafu.

"Karibu," nilisema.